Wanatusikia, Hatuwasikii

Andika "Samburu" kwenye simu yako uone utakacholetewa. Utaletewa ndovu wakivuka mto Ewaso Ng'iro, morani waliojipaka rangi nyekundu na bei za kulala kwenye hema la matajiri. Hiyo ni Samburu ya kaskazini. Ninayoizungumzia hapa iko Kwale, eneo bunge la Kinango, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Maji ya Chumvi na kabla hujafika Taru. Ni Samburu ya Waduruma, ya mbuzi na ng'ombe, ya malori yanayopumzisha injini, ya silanga zinazokauka mapema na mvua inayokuja ikitaka. Mtandao unaijua kwa shida.

Tusiilaumu mashine peke yake. Mwaka 1986 mwanamke Mswisi, Corinne Hofmann, alikuja likizo Mombasa, akampenda mwanamume Msamburu wa Barsaloi, akamfuata hadi kwao kaskazini. Kitabu alichokiandika baadaye kilitoka 1998, kikauzwa kwa mamilioni, na mwaka 2005 kikatengenezewa filamu. Hivyo Wajerumani wengi wana Samburu yao kichwani, na wana pwani yao pia, lakini hawajui kwamba pwani hiyo ina Samburu yake, saa chache tu kutoka walikolala.

Ramani ya Kwale ina mzaha wake. Upande wa mashariki, kando ya bahari, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni, ndiko walikojazana watu wa Magharibi: Wajerumani, Waitaliano, Waswisi, Waingereza. Upande wa magharibi, kwenye nyika kavu ya Kinango, ndiko walikokuja watu wa Mashariki, Wachina wa reli na wa mabwawa. Kaunti moja, na wenyeji wake wamejifunza ulimwengu kupitia milango miwili. Mlango wa bahari unasifiwa na kuandikwa sana. Wa nyika haujaandikwa, na nadhani ndio wenye mengi ya kutueleza kuhusu miaka tunayoiendea.

Tuanze na bahari, kwa kuwa inajulikana. Kijana wa ufukweni Diani, bichiboi kama anavyoitwa, hakuingia darasa lolote la Kijerumani. Alikiokota mchangani. Alianza na salamu, akaongeza bei, kisha sifa za bahari, za mashua, za samaki wa Kisite, mwisho akajua kutania. Waliofika mbali zaidi walijua hata kutofautisha Mjerumani wa Bavaria na Mswisi kwa lafudhi. Hakuna aliyewapa cheti. Walijifunza kwa sababu walikuwa na kitu cha kuuza, na muuzaji asiyeisikia lugha ya mnunuzi hurudi nyumbani na vinyago vyake. Vurugu za Likoni zilipozuka Agosti 1997 na watalii wakatoweka, lugha nazo zilififia pamoja na mapato. Zilirudi waliporudi. Siku hizi wanaofika kwa wingi wanatoka Poland, na ufukweni utasikia salamu za Kipolishi zikitamkwa na watu ambao miaka michache nyuma hawakujua nchi hiyo iko upande gani wa Ulaya.

Samburu ilikuwa na habari nyingine. Kabla ya Mchina alikuja Mwingereza na makuli wake. Reli ya kwanza ilianza Mombasa mwaka 1896 na ikapita hapa ikikata nyika ya Taru, ikijengwa kwa mikono ya Wahindi zaidi ya elfu thelathini walioletwa kwa meli. Ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Ile iliiachia Samburu stesheni, duka na jina kwenye ratiba. Reli ya pili, ya SGR, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa takriban shilingi bilioni 327, asilimia 90 zikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Treni ya abiria ya kaunti hadi kaunti hushusha watu Mariakani, halafu Miasenyi. Samburu iko katikati ya hizo mbili, nayo huisikia treni ikipita.

Lakini kabla haijapita ilijengwa, na wakati wa kujengwa ndipo Kichina kilipoingia nyikani. Hakikuingia chote. Kiliingia kile cha kazini, ambacho utakikuta penye mradi wa Wachina popote Afrika: neno la kuharakisha, neno la kusema hakuna, neno la chakula, neno la rafiki, neno la bosi, na tarakimu za kuhesabia mifuko ya saruji. Fundi Mchina naye alishika Kiswahili cha kiwango hichohicho. Kati yao ikazaliwa lugha ya ishara na vipande ambayo haina sarufi wala haiihitaji, maana kazi yake ni kufanya zege imwagwe kabla jua halijapanda.

Ukizilinganisha lugha hizi mbili za kuokota, ya Diani na ya Samburu, utaona kwamba Kijerumani cha ufukweni ni cha kubembeleza na Kichina cha reli ni cha kuamrishwa. Bichiboi alijifunza kumshawishi mtu, kwa hiyo alilazimika kujua anachokipenda, anachokiogopa, kinachomchekesha. Mfanyakazi wa reli aliuza nguvu zake, na anayeuza nguvu anatakiwa kuelewa amri tu. Yule wa kwanza alirudi nyumbani akiwa na hadithi za watu. Wa pili alirudi na maneno yasiyofika hamsini, na mara nyingi na donge rohoni. Donge hilo lilifika magazetini: Julai 2018 The Standard lilichapisha madai ya wafanyakazi Wakenya wa SGR kwamba walibaguliwa na wasimamizi wao, hata katika meza za kulia chakula. Shirika la Reli likasema litachunguza. Mimi nilichokiona katika habari ile, mbali na uchungu, ni jinsi malalamiko yote yalivyopitia Kiingereza, lugha ambayo si ya mlalamikaji wala ya mlalamikiwa.

Walikuwako waliovuka. Kampuni iliyojenga reli ilipeleka vijana wa Kenya kusomea uhandisi wa reli katika Chuo Kikuu cha Beijing Jiaotong kuanzia mwaka 2016, na wanawake Wakenya walioendesha treni ya kwanza siku ya uzinduzi walifunzwa China. Hao Kichina wanakisikia kama tunavyosema huku pwani, yaani kinawaingia. Ni wachache.

Sasa tugeuze upande wa pili wa shilingi, kwa sababu huko ndiko mambo yalikofanyika kwa subira ambayo sisi hatukuwa nayo. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Peking ilianza kutangaza mwaka 1961. Kenya ilikuwa bado koloni. Tanganyika ilikuwa inasubiri Desemba yake. Beijing tayari ilikuwa na watu wanaosoma habari kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Kiswahili kilikuwa kimeanza kufundishwa katika Chuo cha Lugha za Kigeni cha Beijing. Wazee wa pwani waliokuwa na redio za masafa mafupi wanazikumbuka sauti zile: Kiswahili safi kupita kiasi, chenye ngeli zote mahali pake. Idhaa hiyo ilipopata masafa yake ya FM Nairobi, 91.9, Januari 2006, ilikuwa ndiyo stesheni ya kwanza ya FM ya Radio China Kimataifa nje ya China.

Weka hilo kando ya ratiba yetu. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza Afrika, ilifunguliwa Desemba 2005. Zikafuata za Kenyatta, Egerton na Moi. Zote nne ziko bara. Kwa hiyo pwani, iliyopokea meli za China karne sita zilizopita, ilibaki ikisomea Kichina kwenye saruji.

Na kweli ilizipokea. Amiri Zheng He, Mwislamu wa Yunnan, aliongoza misafara saba kati ya 1405 na 1433, na meli zake zilifika Malindi. Twiga aliyetoka Malindi alipelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, akashangiliwa kama mnyama wa baraka aliyetajwa katika vitabu vyao vya kale. Mwaka 2010 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitangaza kwamba wameifukua Mambrui sarafu ya zama za mfalme huyo, Yongle. Kaburi la nguzo la Mambrui lilipambwa kwa bakuli za kaure, na vigae vya aina hiyo vimejaa kwenye magofu ya mwambao. Wachina wanaipenda sana historia hii. Wameisimamisha kwa sanamu ya Zheng He kwenye stesheni ya Mombasa, kule Miritini. Sisi tunaipita tukikimbilia kukaguliwa mizigo. Ni historia nzuri na ya kweli, ingawa naona inabebeshwa kazi kubwa kuliko mabega yake: twiga mmoja na bakuli kadhaa haziwezi kuwa dhamana ya mkopo.

Kwa mtoto wa Samburu China haikuanzia kwa amiri wala kwenye saruji, ilianzia kwenye kioo. Kibanda cha video chenye benchi za mbao, jenereta likinguruma nje, Bruce Lee na Jackie Chan wakipigana ndani, na sauti ya DJ Afro ikieleza kila teke kwa Kiswahili cha mtaani. DJ Afro hakuwa mfasiri. Alikuwa msimuliaji. Aliwapa wahusika majina mapya, akawatania, akatabiri nani atapigwa, na filamu ya Hong Kong ikatoka pale ikiwa mali ya Kenya. Tanzania walikuwa na Lufufu akiifanya kazi hiyohiyo kwa lafudhi yao. Sijui kama wasomi wameupa ubadilishanaji huu wa utamaduni hadhi unayostahili, lakini hakuna serikali iliyougharamia na ulifika vijiji ambavyo hakuna balozi aliyewahi kuvikanyaga.

Kisha ukaja mpango wenye bajeti. Tamthiliya ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake ilirushwa na TBC ya Tanzania mwaka 2011 ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Rahisi kuona kwa nini. Kisa cha mkaza mwana na mavyaa hakihitaji maelezo Ukunda wala Kinango. Baadaye StarTimes, kampuni ya Beijing inayouza ving'amuzi, iliandaa mashindano ya sauti Tanzania, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi ya kuwasemea Wachina kwa Kiswahili. Kwenye mkutano wa Johannesburg wa Desemba 2015 China iliahidi kuvifikishia vijiji elfu kumi vya Afrika televisheni ya setilaiti, na Kenya ikawamo. Hivyo familia inayoishi pasipo maji ya bomba inaweza kumtazama mfalme wa enzi ya Qing akimkemea waziri wake kwa lafudhi ya Kinondoni.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo naona hatujalitafakari vya kutosha. Kila hatua ya uhusiano huu, Mchina ndiye aliyeivuka lugha. Redio kwa Kiswahili. Tamthiliya kwa Kiswahili. Simu zenye menyu ya Kiswahili. Ni heshima, na ni biashara pia. Kama bichiboi wa Diani, alikuwa na kitu cha kuuza akajifunza lugha ya mnunuzi. Matokeo yake ni kwamba tumekutana na China kwa miaka sitini bila kulazimika kukisikia Kichina. Tumestarehe. Wao wanajua tunachosema. Wanachosema wao, wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe kutuhusu, hatukijui.

Zamani hilo halikuwa na madhara makubwa. Maneno ya Guangzhou yalibaki Guangzhou. Mtandao umeyatia bawa.

Tazama kijana wa bodaboda Samburu anayesubiri abiria kwenye kivuli. Simu yake huenda ni Tecno, Itel au Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ambayo ilijenga jina lake Afrika na ambayo Mchina wa kawaida haijui kama anavyoijua yeye. Fedha zake za M-Pesa, tangu mwaka 2015, zinapita kwenye mfumo uliotengenezwa na Huawei. Anachokitazama ni TikTok, ya kampuni ya ByteDance ya Beijing. Ripoti ya habari za dijitali ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 iliitaja Kenya kuwa mbele ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok, zaidi ya nusu ya waliohojiwa wakisema wanaitumia. Agosti mwaka huohuo Bunge lilipokea ombi la kuipiga marufuku kwa kuharibu maadili. Rais Ruto akazungumza na mkuu wa kampuni hiyo, Shou Zi Chew, na mwisho wake ikawa ahadi ya kufungua ofisi Nairobi. Mkenya hakukubali kunyang'anywa uwanja wake wa kuchekea.

Kijana huyo anaweza kudhani yuko chumba kimoja na Wachina. Hayuko. ByteDance ina nyumba mbili. Douyin, iliyofunguliwa Septemba 2016, ni ya China. TikTok, iliyofuata mwaka 2017, ni yetu wengine. Mwenye nyumba ni mmoja, ramani ya vyumba inafanana, lakini hakuna mlango wa kupitia kati. Video ya Samburu haiingii Douyin kwa njia ya kawaida. Inaingia pale tu mtu anapoibeba, na anayeibeba ndiye anayeamua itaandikwa maneno gani chini yake.

Malawi waliligundua hilo kwa njia chungu. Juni 2022 BBC Africa Eye ilitoa uchunguzi wake kuhusu video za salamu: biashara kwenye mitandao ya China ambapo mteja hulipa, na kundi la watoto wa Kiafrika, wamepangwa mistari mbele ya ubao, humwimbia heri ya siku ya kuzaliwa au kulitangaza duka lake, kwa Kichina. Bei ilifika hadi dola 70 kwa video. Mwaka 2020 ilikuwa imesambaa video moja ambamo watoto walionekana wakiitikia kwa shangwe maneno wasiyoyajua. Walikuwa wakisema kwamba wao ni mashetani weusi na akili zao ni ndogo. Waandishi wawili, Runako Celina, aliyewahi kuishi China na anayekijua Kichina, na Henry Mhango wa Malawi, walifuatilia hadi kijiji cha Njewa karibu na Lilongwe, wakamfikia mtengenezaji, Lu Ke. Alikana kuitengeneza video hiyo. Alikimbilia Zambia, akakamatwa, akarudishwa Malawi kukabili mashtaka. Serikali ya China ilisema haivumilii ubaguzi wa aina hiyo, na ni haki kulisema hilo, kama ilivyo haki kusema kwamba wateja walikuwa wengi na walikuwa wakilipa kwa hiari yao.

Nimeirudia filamu ile zaidi ya mara moja. Kinachonitesa ni ule ufasaha. Watoto walitamka vizuri. Mwalimu yeyote wa Kichina angewapa alama. Walikuwa wamefundishwa lugha kama kasuku anavyofundishwa, na mbele yao, kijijini kote, hakukuwa na mtu mzima hata mmoja wa kuwaambia wanachokisema. Kuna Mtanzania, Kili Paul, aliyepata umaarufu kwa kuigiza nyimbo za Kihindi kwa midomo akiwa amevaa shuka lake la Kimaasai, hadi Waziri Mkuu Modi akamtaja mwaka 2022. Naye anatamka asilolizungumza, lakini simu ni yake, wimbo ameuchagua yeye, na sifa zinamrudia yeye. Tofauti iko hapo.

Sisemi Samburu kumetokea jambo kama la Njewa. Nauliza tu: lingetokea, lingejulikana baada ya muda gani? Kinango ina watoto wanaopenda kamera, ina umaskini, ina Wachina wanaokuja na kuondoka na miradi. Waliowahi kufanya kazi kwenye reli wangetambua kwamba ni Kichina. Wangesikia neno la rafiki, pengine. Yaliyobaki yangewapita.

Mtu atanijibu kwamba siku hizi kuna tafsiri ya mashine. Ipo, na Januari 2025 iliufanya ulimwengu ushuhudie sinema. Marekani ilikuwa imetunga sheria ya kuifungia TikTok kufikia tarehe 19 mwezi huo. Vijana wa Kimarekani, kwa hasira na kwa ukaidi, wakahamia Xiaohongshu, mtandao ambao karibu watu wake wote walikuwa Wachina na maandishi yake ni ya Kichina. Waliojiita wakimbizi wa TikTok walipokelewa kwa mzaha: leteni picha za paka wenu, hiyo ndiyo kodi ya kuingia. Wakaleta. Wanafunzi wa China wakaomba kusaidiwa kazi za nyumbani za Kiingereza. Watu wakaulizana bei za mayai, kodi za nyumba, gharama za gari la wagonjwa. Serikali mbili zilizokuwa zikitishana kwa ushuru zilikuwa na raia wakicheka pamoja kuhusu paka. Siku chache baadaye mtandao huo ukaweka kitufe cha tafsiri. Kwa wiki moja au mbili Mashariki na Magharibi walikaa baraza moja.

Sisi hatukuwako kwenye baraza hilo kwa namna ya kuhesabika, na sioni ajabu. Hakuna aliyetishia kutufungia chochote. Lakini angalia nani aliyeweza kuingia bila kubisha: anayezungumza Kiingereza, ambacho Wachina wamekisoma shuleni tangu utotoni. Wao kwa wao walikuwa na nusu ya daraja tayari. Kitufe kilimalizia nusu iliyobaki. Mduruma anayeandika Kiduruma kwenye simu hana kitufe. Anayeandika Kiswahili cha vijana, chenye ufupisho na Sheng ndani yake, anatafsiriwa vioja. Na hakuna mashine inayokaa nyuma ya ubao wa mtoto wakati kamera inawashwa.

Hapa lazima nijipunguzie kasi. Kuna wanaoamini kwamba tungekisikia Kichina tusingepunjwa kwenye mikopo. Si kweli. Baadhi ya nyaraka za mkopo wa SGR zilipowekwa hadharani na Waziri Kipchumba Murkomen Novemba 2022, tuliona zimeandikwa kwa Kiingereza fasaha. Zilisema sheria itakayotumika ni ya China na migogoro itaamuliwa Beijing. Kila wakili wa Nairobi angeweza kuzisoma tangu 2014 kama angeonyeshwa. Kufichwa si suala la lugha. Kwa hiyo sitauza Kichina kama dawa ya deni. Ninachokitetea ni kidogo zaidi na, kwa mtu wa kijijini, kikubwa zaidi: uwezo wa kumjibu msimamizi, wa kusoma kibao cha hatari kwenye mtambo, wa kujua video ya mtoto wako inasema nini.

Serikali yenyewe imeshasema inakitaka. Mwanzoni mwa 2019 taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ilitangaza kwamba Kichina kitafundishwa shule za msingi kuanzia Gredi ya 4 mwaka uliofuata, sambamba na Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Corona ikaja katikati. Katika shule za upili za juu, ambazo darasa lake la kwanza la Gredi ya 10 limeingia Januari 2026, Kichina kimo kwenye orodha ya masomo ya kuchagua. Orodha ni karatasi. Shule hufundisha somo lenye mwalimu. Pwani ya kusini Kiarabu kina walimu, kwa sababu madrasa na vyuo vimekitunza kwa karne nyingi bila kusubiri Wizara. Kijerumani hupata walimu wake kwa ajili ya hoteli. Kichina, upande wa Kinango, hakina madrasa wala hoteli.

Kina wafanyakazi. Hilo naona limesahauliwa na kila mpango nilioupitia. Kuna wanaume, na wanawake waliopika makambini, waliokaa na Wachina miaka miwili au mitatu mfululizo, na masikio yao yamezoea zile toni nne ambazo mwanafunzi wa Nairobi hulipa karo kuzizoea. Mtihani wa kimataifa wa Kichina, HSK, kwa muda mrefu ulitaka maneno 150 tu kwenye ngazi yake ya kwanza. Fundi wa reli aliyeshika karibu hamsini kwa kufokewa hashindwi kupata mia nyingine kwa kufundishwa. Bichiboi wa Diani mwenye Kijerumani kizuri angalau aliweza kupanda hadi kuwa mwongoza watalii na kupata leseni. Wa Samburu, mradi ulipokwisha, alirudi kwenye mbuzi na maneno yake, na hakuna ofisi iliyomuuliza anajua nini.

Na mradi mwingine haujaisha. Bwawa la Mwache, huko huko Kinango, linajengwa na Sinohydro kwa fedha za Benki ya Dunia, na maji yake yanatarajiwa kwenda Mombasa na Kwale. Fedha ni za Washington, wajenzi ni wa Beijing, udongo ni wa Waduruma. Wafanyakazi wako pale leo, asubuhi hii unaposoma gazeti, wakiokota maneno. Chumba kimoja cha shule ya karibu, jioni mbili kwa wiki, mwalimu mmoja wa kutumwa kutoka taasisi mojawapo kati ya zile nne za bara, na mtihani mwishoni: gharama yake haiwezi kufikia hata mita chache za ile reli. Serikali ya kaunti ya Kwale, inayojivunia ufadhili wake wa masomo, ingeweza kuanza kabla ukuta wa bwawa haujakamilika na wenye kukizungumza Kichina hawajafunga mizigo.